Mwezi Mzuri wa Kwenda Shelisheli

Siku Bwana Lambotte alipopiga simu kwa mara ya kwanza, Emérence alikuwa amevua viatu chini ya meza na kuiweka miguu juu ya gazeti ili ikauke. Ulikuwa mwezi wa sita, mwezi ambao Kampala hutarajiwa kupumzika na mvua, ila mwaka ule mvua haikuwa na habari ya kalenda. Ilimkuta kwenye mteremko wa Kasubi kabla hajapata bodaboda, ikamsindikiza mpaka Ntinda, na sasa ilikuwa inapiga mabati ya karakana iliyo nyuma ya jengo, hata ikambidi azibe kinasa sauti cha hedifoni kwa kiganja ili mteja asiisikie.

"Habari za asubuhi kutoka Shelisheli," alisema kwa Kifaransa chake cha ualimu. "Nikusaidie nini, bwana?"

Hivyo ndivyo walivyotakiwa kusema. Kampuni ilikuwa imekodi ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, na kazi yake ilikuwa kupokea simu kwa niaba ya hoteli za visiwani ambazo ziliona ni nafuu kuwasikiliza wageni kutoka Uganda kuliko kuajiri watu huko huko. Waliokaa upande wa Kifaransa, karibu wote walikuwa wakimbizi wa Kongo na Burundi. Okullo, msimamizi wao, mtu wa Lira mwenye sauti ya upole hata anapokukaripia, aliwafundisha sheria moja iliyopita zote: mteja asijue kwamba anazungumza na Kampala. "Mtu anafuata bahari," alikuwa akisema. "Usimpe Ntinda." Kwenye kona ya kila kompyuta kulikuwa na kidirisha kidogo kinachoonyesha hali ya kisiwani kwa saa ile: jua au wingu, upepo unatoka wapi, bahari ina nyuzi ngapi za joto. Mteja akiuliza huko kwenu kukoje, unatupa jicho kwenye kidirisha na kumjibu kama mtu aliyechungulia nje.

Emérence alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita. Alizaliwa Uvira, akafundisha Uvira, akaolewa na kufiwa na mume Uvira, mji ambao kila barabara inayoteremka huishia kwenye ziwa Tanganyika. Bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Lakini misimu ya Shelisheli aliijua kama sala aliyokaririshwa utotoni, ile ambayo midomo huisema huku moyo ukiwa kwingine. Desemba hadi Machi upepo hutoka kaskazini-magharibi na kuleta mvua, na Januari hunyesha kuliko miezi yote. Kuanzia Mei kusi, ule upepo wa kusini, huanza kuvuma, hewa hukauka, bahari hupoa kidogo na kuchafuka, na fukwe zinazotazama kusini-mashariki hujaa mwani. Kati ya misimu hiyo miwili, mwezi wa nne na tena karibu na mwezi wa kumi na moja, upepo hulala na maji yakatulia. Mwezi wa nne ndio huwa na joto zaidi. Bahari hufika nyuzi ishirini na tisa, hata thelathini.

Bwana Lambotte alikuwa mzee wa Namur, Ubelgiji. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeshika ukuta. Alisema yeye na mkewe Mariette walikwenda kisiwa cha Praslin zamani, alipostaafu, na Mariette alikuwa akiogelea kila asubuhi kabla ya chai. Tangu hapo maradhi ya viungo yalikuwa yamemshika. Sasa alitembea ndani ya nyumba kwa kushikilia viti.

"Hataki kuogelea," mzee alisema. "Anataka kusimama ndani ya maji, yamfike kiunoni, basi. Binti yetu ana likizo mwezi wa nane, angetusindikiza. Mwezi wa nane maji yana joto gani?"

Emérence alijua jibu ambalo kampuni ililitaka. Vyumba vya mwezi wa nane vilikuwa vitupu bado, na Okullo alikuwa amewaambia asubuhi ile ile wavisukume. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka wakati mwingine hana nguvu ya kupamba maneno.

"Nyuzi ishirini na sita, bwana," alisema. "Ila kusi huwa inavuma. Mawimbi yanasukuma. Mtu mwenye miguu dhaifu hatasimama vizuri."

"Na mwezi gani ndio mzuri?"

"Wa nne. Bahari inatulia, na maji ni ya moto."

"Mwezi wa nne ni mbali."

"Ni mbali, bwana. Lakini ndio mwezi mzuri."

Siku chache baadaye alipiga tena na kumwomba yeye mwenyewe kwa jina. Alikuwa amenunua kipimajoto. Walijaza hodhi la kuogea nyumbani kwao maji ya nyuzi ishirini na sita, Mariette akaingiza miguu, akakunja uso. Kisha waliongeza maji ya moto mpaka yakafika ishirini na tisa. "Akacheka," mzee alisema. "Ametaka kukaa humo mpaka chakula cha jioni. Tuandikie mwezi wa nne."

Emérence akawaandikia mwezi wa nne. Akavaa viatu vyake vilivyokuwa bado na unyevu, akaenda kunywa chai.

Toka hapo mzee akawa anapiga kila baada ya wiki kadhaa, akiwa na kisingizio fulani: ngazi za chumba, kiti cha magurudumu, chakula kisicho na chumvi. Akimaliza kisingizio huuliza, "Na leo bahari ikoje?" Emérence alimsomea kidirisha. Siku moja akampa Mariette simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Nieleze unachokiona," alisema.

Kidirisha hakina ufuko. Emérence alifumba macho, akaeleza alichokuwa nacho: mawe meusi yaliyolainishwa na maji, wanawake wanaofua na kutandika nguo juu yake, watoto wanaopiga mbizi wakifukuzwa na mama zao, na asubuhi mapema maji yakiwa na rangi ya bati jipya. Alisema mpaka akashituka mwenyewe. Mariette akasema, "Asante, mama. Nilikuwa nimesahau wanawake wanaofua."

Adong, aliyekaa mkabala naye upande wa Kiingereza, alikuwa akimtazama. Alikuwa mtoto wa askari, amekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kisicho na mapambo. Kwa kuwa Emérence hakukijua Kiingereza vizuri wala Kiluganda, hicho ndicho walichozungumza.

"Mama Exaucée, wewe iko nalia?"

"Hapana. Ni usingizi."

"Usingizi hapana toa maji kwa macho namna hiyo," Adong alisema, akageukia simu yake.

Nyumbani Emérence aliishi na baba yake, Ephraïm, na binti yake, Exaucée, ambaye alikuwa anajifunza ususi saluni. Walipanga vyumba viwili bondeni chini ya Kasubi, upande unaoteremkia kinamasi cha Lubigi, pale ambapo kodi hushuka kadiri unavyoshuka mteremko. Mzee Ephraïm alikuwa fundi wa mashine za boti katika bandari ya Kalundu maisha yake yote. Kwa sauti ya mashine tu alikuwa anajua boti ya nani inaingia. Tangu walipokimbia, masikio yake yalikuwa hayana kazi. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kifua kikimkoroma, akiangalia mtaro.

"Emé," alikuwa akisema, "nipeleke siku moja nione maji makubwa. Wanasema hapa pia kuna ziwa."

"Nitakupeleka, papa. Ungoje kwanza mvua ipungue. Kifua chako hakitaki baridi."

"Mvua ya hapa haina kupungua."

"Itapungua."

Alisema hivyo mwezi wa sita, akasema hivyo mwezi wa tisa. Ukweli ni kwamba mvua ilipopungua, yeye mwenyewe alikuwa hana nguvu iliyobaki. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya pekee, na Jumapili baada ya kanisa na kufua alikuwa akiketi kitandani ili avue kitambaa cha kichwa, na Exaucée humkuta jioni amelala vile vile, kitambaa mkononi.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaja kwa hasira. Redioni mtaalamu mmoja wa hali ya hewa alieleza kwamba mwaka huu bahari ya Hindi imepata joto kupita kiasi upande huu wa Afrika, na maji ya moto hupandisha mvuke mwingi, na mvuke ule ndio unaomwagika juu yetu. Emérence alikuwa amesimama juu ya stuli akiinua godoro la baba yake kulitundika kwenye kenchi, maji ya mtaro yakiwa yamefika nusu ya miguu ya stuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Siku hiyo hiyo asubuhi alikuwa amemwambia mteja wa Lyon, kwa sauti ya furaha, kwamba bahari ina joto zuri kuliko miaka yote.

"Wanasema nini?" Ephraïm aliuliza kutoka juu ya meza walipomkalisha.

"Wanasema itaendelea kunyesha, papa."

Walifagia matope, wakaanika nguo, wakapulizia chumba dawa. Kikohozi cha mzee kilikaa mpaka Krismasi. Mwezi wa kwanza ukaja mkavu, wa pili ukawa mkavu vile vile, na huko kwa wazungu kulikuwa na baridi kali, kwa hiyo simu ziliita bila kupumzika. Okullo alifuta likizo za watu wote. Emérence hakutambua mara moja kwamba Bwana Lambotte alikuwa hajapiga simu kwa muda mrefu.

Alipiga mwezi wa tatu, mvua za masika zilipokuwa zimeanza. Sauti yake ilikuwa ile ile, ila ukuta aliokuwa anaushika ulikuwa kama umeondolewa.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi, bwana. Mmejiandaa? Madame hajambo?"

"Mariette amefariki," alisema. "Mwezi uliopita. Mapafu. Alilazwa siku chache tu, hakuteseka sana. Hivyo ndivyo walivyoniambia."

Emérence alimpa pole. Maneno ya Kifaransa ya msiba alikuwa nayo, kazini waliwahi kufundishwa, yakatoka kama yalivyofundishwa, na aliona aibu kuyasikia. Bwana Lambotte aliyapokea. Alisema hakupiga kwa kulalamika. Hata habari ya chumba haikuwa imemleta, binti yake angeishughulikia. Alikuwa jikoni, akaona simu, akapiga.

"Nilitaka kukuuliza tu," alisema. "Leo bahari ikoje?"

Emérence aliangalia kwenye kona. Jua. Upepo mdogo. Nyuzi ishirini na tisa na nusu. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya karakana, na mkono wake ulikuwa tayari umeziba kinasa sauti kama kawaida. Akauondoa.

"Bwana Lambotte, mimi siko kisiwani."

"Hauko?"

"Niko Kampala. Uganda. Tuko wengi hapa, tunapokea simu. Mvua inanyesha, unaweza kuisikia. Sijawahi kuiona bahari."

Alisubiri akate simu. Hakukata. Alisikia kiti kikivutwa, mzee akikaa.

"Yale uliyomwambia Mariette," alisema mwishowe. "Yale mawe. Wale wanawake."

"Ni kwetu, bwana. Uvira. Ni ziwa, si bahari."

"Kongo."

"Ndiyo."

"Aliyasema mpaka hospitali," mzee alisema. "Alisema, yule mama anapapenda sana pale mahali anapokaa." Halafu akauliza, "Na ile habari ya mwezi wa nne? Nayo ilikuwa ya kutunga?"

"Hapana. Ile ni kweli. Mwezi wa nne ndio bora."

"Na mwezi wa nane? Nataka uniambie kweli. Tungekwenda mwezi wa nane, angeweza kuingia majini?"

Hapo ndipo Emérence alipohisi uchovu wa miaka yote ukimkalia mabegani kwa pamoja. Angeweza kusema hapana. Mzee angelala vizuri, na yeye pia.

"Kuna ghuba upande wa pili wa kisiwa," alisema. "Upande wa kaskazini-magharibi. Kusi haifiki sana huko. Wageni huoga huko mwezi wa nane, hata wazee. Maji ni ya baridi kidogo kuliko mwezi wa nne. Lakini angeweza, bwana. Sikukwambia kwa sababu uliniuliza mwezi gani ni mzuri."

"Ndiyo," Bwana Lambotte alisema. "Hivyo ndivyo nilivyokuuliza. Mariette alisema twende tu. Alisema, nikihisi baridi nitavumilia. Mimi ndiye niliyetaka uwe mwezi mzuri." Kisha akauliza, kama mtu anayekumbuka adabu, "Mvua ya huko ni ya baridi?"

"Si ya baridi sana, bwana. Ila inachosha."

"Haya. Nashukuru, mama," akasema, na simu ikakatika.

Okullo alimwita kabla ya chakula cha mchana. Simu zote zilirekodiwa, na hiyo alikuwa ameisikiliza mara mbili. Alifunga mlango wa kioo, akamwonyesha kiti.

"Mama Exaucée, kwa nini?" alisema kwa upole wake. "Mzee wa watu amefiwa. Unamwongezea na hayo?"

"Aliniuliza."

"Wanauliza wote, kila siku. Miaka sita umewajibu vizuri."

"Nimechoka, bwana Okullo."

"Kila mtu amechoka. Mimi pia nimechoka." Alisugua macho, na ilikuwa kweli, yalikuwa mekundu. "Wakubwa wakisikia hiyo rekodi watataka uende nyumbani. Mimi nitakuhamishia kwenye ujumbe wa maandishi. Hutazungumza na mtu. Utaandika tu. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Na usinishukuru, sijafanya kitu kizuri."

Hakumshukuru. Alihamia meza ya ukutani, mahali pasipo dirisha, akaanza kuandika. Siku ya pili yake alimwomba Adong amtazamie kwenye kompyuta chumba cha Lambotte, kwa kuwa yeye sasa hakuwa na ruhusa ya kufungua ukurasa huo.

"Wamefuta," Adong alisema.

"Hakuna maneno mengine?"

"Hakuna. Wamefuta tu." Adong alimwangalia. Alikuwa msichana asiyejua kubembeleza, lakini alikwenda kwenye birika, akaja na chai ya maziwa yenye tangawizi, akaiweka mbele yake. "Wewe si Mungu, mama. Wewe hapana jua nani atakufa lini."

"Najua."

"Sasa kunywa."

Jumamosi ile Emérence alifika nyumbani akiwa amelowa tena. Baba yake alikuwa mlangoni, blanketi magotini. Emérence hakumsalimia kwanza. Alisimama mbele yake na mfuko wa mahindi mkononi, akasema, "Papa, kesho tunakwenda kuona ziwa."

Ephraïm aliangalia mbingu juu ya kichwa chake. "Kesho itanyesha."

"Tutakwenda na mvua."

Exaucée alitoka ndani na chanuo mkononi. "Mama, na kifua chake? Wewe ndiye uliyesema angoje mwezi wa saba."

"Nilisema."

"Daktari pia alisema asipate baridi."

"Alisema. Mtafutie babu yako soksi mbili na lile koti la Zéphyrin." Zéphyrin alikuwa mume wake marehemu, na koti hilo hakuna aliyewahi kulivaa tangu walipovuka mpaka. Exaucée akaingia ndani kulitafuta.

Jirani yao, Elisée, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa anaendesha gari la kukodi, aliwapeleka Ggaba baada ya misa ya kwanza. Gari lilikuwa bovu na Ephraïm alilisikiliza njia nzima, kichwa kimeinama, kama daktari. Walipofika Kabalagala akasema, "Kijana, hii plagi ya tatu imekufa." Elisée alisema ameambiwa ni pampu ya mafuta. "Waliokwambia ni wezi," mzee alisema, na Emérence aliona kwamba mabega yake yalikuwa yamenyooka.

Ggaba ilikuwa na matope, moshi wa samaki wanaokaangwa, na makelele ya soko. Walipita katikati ya vikapu vya sangara, mzee akiwa katikati yao, hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo boti za abiria hufungwa. Ziwa lilikuwa la kijivu. Magugu-maji yalikuwa yamejazana ukingoni, na chupa za plastiki zikichezacheza ndani yake. Emérence aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyezitupa pale.

Ephraïm alisimama, akaangalia muda mrefu.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Haionekani, papa. Ni kubwa sana."

"Tanganyika unaona ng'ambo. Unaona milima ya Burundi, unaona mpaka moshi wa majiko yao. Hili unaangalia nini?" Alitikisa kichwa. "Na lina uchafu."

"Turudi?"

"Nani alisema turudi? Nitafutie pa kukaa."

Elisée aliomba kreti tupu la bia kwa mama muuza samaki, wakamkalisha. Akavua viatu mwenyewe, akavua soksi zote mbili mbili, huku akimkataza Emérence asimguse, akasogeza miguu mpaka ikaingia majini. Ilikuwa myembamba, yenye mishipa, na kucha zilizozeeka vibaya. Emérence alichuchumaa kando yake, akaingiza mkono. Maji yalikuwa vuguvugu. Kwa mazoea, akili yake ilitafuta namba, ikakosa, ikaacha.

"Ni ya moto," mzee alisema, akiwa bado analalamika. "Maji ya ziwa hayatakiwi kuwa ya moto hivi." Lakini miguu hakuitoa.

Boti moja iliingia ikitoka visiwani, imejaa watu na mafungu ya mkaa. Ephraïm aliinua kidole kabla haijafika. "Sikiliza hiyo. Inakula oili. Wiki mbili, itawaacha katikati." Boti ya pili akaisifu. Ya tatu akasema nahodha wake ni mtoto mdogo, anailazimisha gia. Elisée alikuwa anacheka kimya kimya, kisha akaanza kuuliza maswali ya kweli, na mzee akawa anamjibu, mikono ikifungua na kufunga mashine isiyoonekana. Emérence hakukumbuka ni lini alipomsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Mvua ikaanza. Haikuanza kwa vitone, ilishuka tu. Wauza samaki walifunika meza zao kwa turubai.

"Papa, twende chini ya kibanda."

"Bado."

"Utaugua."

"Nitaugua," alikubali. "Ngoja hiyo boti ifike kwanza."

Emérence alimvika kofia ya koti, akafungua kanga yake na kuitanda juu ya vichwa vyao viwili, akasimama hivyo akizishikilia pembe zake, mikono ikimuuma, maji yakimtiririka mgongoni. Boti ilikuwa mbali bado. Walingoja. Hakumharakisha.

Mzee aliugua, kama ilivyotazamiwa. Usiku wa Jumatatu homa ikapanda, Jumanne wakampeleka kliniki, na kwa muda wa wiki mbili Emérence na Exaucée walipokezana kumwinua, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko. Exaucée alikuwa na hasira na hakuificha. "Umefurahi sasa?" alimwuliza mama yake siku moja wakibadilisha shuka. Emérence aliendelea kukunjua shuka safi. Kazini aliandika ujumbe huku macho yakifumba, akawaandikia wageni wawili wa Marseille majibu yaliyobadilishana, na Okullo akasahihisha bila kumwita.

Kifua cha mzee kilianza kulegea wiki ya tatu. Hakurudi kuwa alivyokuwa. Sauti ilibaki ndogo, na kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari. Lakini Jumapili moja mchana alidai kiti chake, akakaa nje, na Elisée akaleta kidude alichokitoa kwenye gari lake, ile pampu ya mafuta, akakiweka juu ya stuli mbele yake. Walikifungua pamoja. Emérence alisikia kutoka ndani wakibishana kuhusu plagi, mzee akikohoa, Elisée akisema ndiyo papa, ndiyo papa, na Exaucée, aliyesema hatazungumza na mtu siku ile, akiwauliza kama wanataka chai.

Sahani za mchana zilikuwa bado hazijaoshwa. Nguo zilikuwa kwenye beseni. Emérence aliketi ukingoni mwa kitanda ili apumzike kidogo kabla ya kuanza, akasikiliza zile sauti mpaka hakuzisikia tena. Exaucée alipoingia kuchukua vikombe alimkuta amelala upande, viatu bado miguuni. Alivifungua kamba, akavivua kimoja kimoja, akaenda kufua nguo.